Shule inazijua namba zetu ikitaka michango tu, mahafali yakihamishwa siku hatuambiwi (Mtwara)

Wakuu habari za usiku. Sina kawaida ya kufungua uzi humu, huwa napita nasoma naondoka, ila leo nimeshindwa, nimepaki bajaji toka saa kumi na mbili jioni nimekaa naandika kwenye simu, hasira haziishi. Mtanisamehe mpangilio.

Shule siitaji jina. Ni sekondari ya serikali hapahapa manispaa ya Mtwara Mikindani, ina kidato cha kwanza mpaka cha sita, wenye watoto pale wakisoma mistari miwili watajua. Nina mpwa wangu pale yupo kidato cha nne, mtoto wa dada yangu tumbo moja. Dada yuko Tandahimba analima korosho, mtoto alikuwa anakaa kwangu toka kidato cha kwanza mpaka mwezi wa nane walipoingizwa kambi ya mtihani wakawa wanalala shuleni. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa pembeni, mjomba ndo mwenye mtoto, likimpata yeye limenipata mimi.

Kadi ya mahafali ilitoka mwezi wa tisa, imeandikwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Mchango 45,000, joho la kukodi 10,000 mbali.

Sasa dada hana simu ya tachi, ana kiswaswadu chake cha tochi. Na mesji za mchango kwenye hicho kiswaswadu ZILIFIKA ZOTE. Tatu, nimezisoma mwenyewe. Ya kwanza mzazi unakumbushwa, ya pili mzazi unakumbushwa kwa mara ya mwisho, ya tatu herufi kubwa tupu kwamba mwanafunzi ambaye mzazi wake hajakamilisha hatavaa joho. Hiyo ya tatu imemkuta dada yuko chini ya mkorosho anaokota. Kanipigia anatetemeka, "mdogo wangu mtoto atakaa peke yake na sare wenzie wote wana majoho".

Kwa asiyejua maisha ya huku Oktoba ikoje nimweleze. Korosho ndo zinaanza kudondoka, unaokota, unaanika, unapeleka chama cha msingi wanapima, unasubiri mnada, mnada ukipita unasubiri hela iingie benki. Hela yenyewe ni nzuri ukiisubiri, msimu wa 2024 mnada wa kwanza bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Lakini mesji ya herufi kubwa haisubiri mnada. Dada akaenda usiku kwa mtu wa kangomba, hawa wanaonunua korosho kimagendo nje ya mnada, akamwachia kilo 30 kwa shilingi 2,000 kilo. Najua kangomba imekatazwa, naomba mtu asije kunihubiria hapa, mwenye mtoto aliyetishiwa kunyimwa joho hana muda wa kusubiri benki. Amepata 60,000, ametuma 55,000 siku hiyohiyo, na mesji ya "tumepokea asante mzazi" ikarudi ndani ya dakika tano. Dakika tano wakuu.

Alhamisi ya wiki hiyo saa nne usiku kwenye grupu la wasapu la wazazi ikawekwa picha ya tangazo kwamba mahafali ni KESHO Ijumaa saa nane mchana, mgeni rasmi Jumamosi ana safari. Basi. Hakuna mesji ya kawaida iliyotumwa, hakuna mtu aliyepigiwa. Dada hayupo wasapu. Mimi hilo grupu niliomba kuungwa mara mbili, nikajibiwa ni la wazazi waliosajiliwa tu, mjomba hahusiki. Mtoto yuko kambini hana simu. Kwa hiyo Ijumaa mimi nilikuwa kijiweni Sokoni nabeba watu, na mpwa wangu anahitimu kilomita mbili kutoka pale niliposimama.

Jumamosi dada katoka Tandahimba na gari la alfajiri, kala vumbi la ujenzi mpaka Mnivata ndo akapata lami ya kuja mjini. Nimempokea stendi Mkanaledi. Kitenge kipya, hajakivaa, amekiweka kwenye mfuko ili vumbi lisikiharibu, akaja kukivalia kwangu. Ana jogoo kafungwa miguu, ana korosho za kukaanga kwenye ndoo ndogo ya rangi kwa ajili ya walimu. KWA AJILI YA WALIMU. Tukapita dukani tukanunua mashada ya karatasi za kung'aa 3,000, tukaenda.

Getini mlinzi, kijana mdogo, kamsalimia vizuri tu, "shikamoo mama", dada akaitikia, kijana akatuangalia akaangalia yale mashada, akashindwa kusema. Akasema taratibu, "mama mahafali yalikuwa jana".

Dada hakuelewa. Akamwambia hapana mwanangu ni leo Jumamosi, kadi hii hapa, akaanza kuitafuta kwenye pochi. Mlinzi anasema ndiyo mama ilibadilishwa. Nyuma yake vijana wanapakia viti vya plastiki kwenye kirikuu na turubai limelala chini linakunjwa.

Mnaojua mzazi wa kike wa kijijini anavyojiandaa kwa siku kama ile mtanielewa. Yeye darasa la saba hakumaliza, huyu ndo mtoto wake wa kwanza kufika kidato cha nne. Alikaa kwenye ngazi ya bwalo na jogoo wake mapajani hakuongea kama nusu saa.

Tukaomba tuitiwe mtoto kambini. Kaja na cheti kwenye mfuko wa nailoni. Anasema jana walipoitwa majina kila mtu anasimama na wa kwao, yeye akapita peke yake, mama mpishi wa kambi alipoona hivo akatoka jikoni akavua kanga yake ya kiunoni akamfunga begani akamshika mkono mpaka mbele. Huyo mama simjui ila nitamtafuta nimshukuru. Mpishi kaona kitu ambacho kamati nzima ya mahafali haikuona.

Na bado sijafika kwenye jambo lenyewe.

Mpwa wangu ni mkimbiaji, mita 800. Mwaka huu kwenye UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kaanza ngazi ya shule, kata, wilaya, akachaguliwa timu ya mkoa wa Mtwara, akaenda taifa na akamaliza wa nne. WA NNE NCHI NZIMA, mtoto aliyefanyia mazoezi mchangani Shangani peku saa kumi na moja alfajiri mi nikiwa namfuata nyuma na bajaji taa zinamulika ndo nianze kazi. Hiyo hamu yenyewe ilianza 2019 UMISSETA taifa ilipofanyika hapahapa Mtwara, alikuwa shule ya msingi nikampeleka kuangalia, akasimama pale kwenye kamba hataki kuondoka ananiambia mjomba na mimi nitavaa namba mgongoni. Kavaa. Karudi shuleni, hakuna aliyesema kitu paredi, ubao wa matangazo haukubandikwa hata karatasi moja, mwalimu wa michezo peke yake (huyu namheshimu sana, jasho lake tunalijua) akamwambia usijali, siku ya mahafali mtatajwa wote mbele ya wazazi. Mtoto kaisubiri hiyo siku miezi minne.

Wapo wengine pale. Kuna vijana wawili wa kidato cha tatu walitengeneza siki kutokana na mabibo, yale matunda ya mkorosho ambayo mkulima akishatoa korosho yanaozea chini mpaka mkorosho mzima unanuka, wakaenda kwenye maonyesho ya wanasayansi wanafunzi, Young Scientists Tanzania, Dar. Yan watoto wa Mtwara wamechukua kitu tunachokikanyaga kila msimu wakakifanya bidhaa, na mimi ninayeishi kilomita mbili na shule nimejua juzi kwa mpwa wangu! Kuna timu ya netiboli imebeba kombe la wilaya. Kuna binti wa kidato cha sita insha yake ilishinda ngazi ya mkoa. Mzazi gani kaambiwa? Mnatuma mesji ya hela ya mlinzi, hela ya karatasi za mtihani wa moku, hela ya maji ya kambi, mtashindwa kutuma mesji moja ya mzazi mwanao ametuheshimisha?

Pale bwaloni chini nikaokota ratiba ya jana, zilikuwa zimesambaa zinakanyagwa. Ninayo hapa, ina alama ya kiatu. Namba 9 imeandikwa "Kutambua wanafunzi waliofanya vizuri taaluma na michezo, dakika 20". Imepigwa mstari na peni ya bluu, pembeni pameandikwa kwa mkono "muda". Namba 10 hotuba ya mgeni rasmi, haijaguswa. Namba 11 harambee, haijaguswa. Namba 12 picha na chakula cha meza kuu, haijaguswa. Yan dakika zilipopungua kilichokatwa ni watoto.

Nikaenda ofisini, nikamkuta makamu mkuu wa shule. Sikwenda kwa shari, ni mtu mzima kwangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe mzazi wa nani?"

Nikamtajia, nikamwambia mi mjomba wake, mama yake huyo hapo nje ametoka Tandahimba. Akasema taarifa ilitolewa kwenye grupu. Nikamwambia mwalimu mama hana wasapu, na nyie mnajua hana, maana za mchango mnamtumia mesji za kawaida na zinafika. Unajua kanijibu nini? "Zile anatuma mhasibu. Za tarehe ni kamati, ni watu tofauti."

Na hii namba 9 mwalimu? "Mgeni alikuwa na haraka, tusingeweza kumchelewesha." Nikamuuliza sasa hao watoto mtawatambua lini, kidato cha nne Novemba wanafanya mtihani wanaondoka, akasema tutaangalia utaratibu. Hakutoka nje kumwona dada. Hatua kumi tu kutoka mlangoni kwake, hakutoka hata kumpa pole.

Wakuu elimu bila malipo ipo toka Januari 2016, waraka namba 5 wa 2015, na 2022 wakaongeza kidato cha tano na sita. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni kwa kinywa chake. Mi sibishi mahafali kuchangiwa, ni sherehe yetu na watoto wetu, tunatoa. Ninachokataa ni mtoto kutishiwa joho kama rehani halafu mwenye hela akishatoa anafutwa kwenye orodha ya watu wa kuambiwa. Siku mkitaka hela sisi ni wazazi, siku ya watoto wetu kusimama mbele sisi ni watu ambao hatupo kwenye grupu.

Na haya yanarudi. Mwakani kabla ya mtihani wa Mei kidato cha sita nao wana mahafali, mwezi wa sita UMISSETA tena, katikati hapo vikao vya wazazi. Wazazi wengi wa pale wako Nanyamba, Tandahimba, Newala, wana viswaswadu. Mnachotakiwa ni kutumia njia ileile mnayodai hela. Ileile.

NYONGEZA, saa tano usiku: nimesoma majibu yenu, nashukuru waliotoa pole. Kuna mmoja kasema mahafali si kitu, mtoto akazane na mtihani, division one haitafutwi kwa mashada. Mkuu, huyo mtoto tokea jana hasomi. Mwalimu wa michezo ndo kanipigia kuniambia jioni amekataa kwenda kukimbia na wenzie, kasema haina maana. Hiyo ni wiki tatu kabla ya pepa ya kwanza. Ndo mtihani wenyewe huo umeshaguswa.

Mwingine kauliza kwa nini mtoto hakuomba simu ya mwalimu apige nyumbani. Walitangaziwa Ijumaa asubuhi paredi, saa nne wanapelekwa kupima majoho, akamwomba mwalimu wa zamu akaambiwa wazazi wote wana taarifa.

Waliosema niende ofisi ya elimu ya manispaa, ndo ninachofanya. Barua nimeshaiandika, nimeambatanisha kopi ya kadi, kopi ya ratiba yenye mstari wa bluu, na mesji nne za kwenye simu ya dada nimezipiga picha, tatu za kudai na moja ya kupokea. Naomba vitu viwili tu humo: hao wanafunzi waitwe mbele ya shule nzima na wazazi wao wakiwepo kabla ya Novemba, na tarehe zozote zikibadilika mzazi atumiwe mesji ya kawaida.

Jumamosi pale ngazini hatukuwa peke yetu, nilihesabu familia tisa zimekuja na mashada yao, kuna baba mmoja wa Newala alikuja na mkewe mjamzito na watoto wawili, kuna bibi kaletwa na bodaboda. Kama ulikuwepo au ndugu yako alikuwepo njoo inbox, chini ya barua nimeacha nafasi ya majina na saini. Naipeleka Alhamisi asubuhi. Asiye na wasapu nitampigia.