Bangili ya bibi ya mwaka 1999: tuiuze sasa au tusubiri?

Binti_Shangani (Mtwara), Oktoba 2025
Wadau, habari za jioni. Bibi yangu ana bangili ya dhahabu aliyonunuliwa na marehemu babu mwaka 1999 kwa pesa za korosho. Ndani imegongwa 916, uzito gramu 12. Tunataka kupaua nyumba yake kabla ya mvua, na mwenyewe ndiye aliyesema iuzwe. Sonara mmoja hapa mjini ameishika tu mkononi, akataja milioni 1.8. Kaka anasema tuchukue, babu alinunua kwa laki moja na kidogo. Mjomba anasema tusubiri, dhahabu huwa haishuki. Tumsikilize nani?

Mzee_Ruangwa
Binti, msalimie sana bibi. Mimi nanunua dhahabu ya wachimbaji wadogo huku Ruangwa, bei ya dunia naiangalia kabla ya chai ya asubuhi. Mjomba wako umwambie kwa heshima kwamba dhahabu hushuka, na ikishuka huweza kulala miaka.

Tangu 1934 Marekani iliifunga bei ya dhahabu kwa dola 35 kwa wakia, yaani gramu 31.1. Agosti 1971 Rais Nixon akasitisha kubadilisha dola kwa dhahabu, bei ikaachiwa. Januari 1980 ikagusa 850: mapinduzi ya Iran, Warusi wameingia Afghanistan, mfumuko wa bei umewashika Wamarekani. Aliyenunua siku ile hakuiona 850 tena mpaka Januari 2008. Miaka 28, mtoto anazaliwa, anakua, anaoa! Babu yenu alinunua ikiwa chini kabisa, kati ya dola 250 na 300 hivi, wakati hata Uingereza ilikuwa inauza akiba yake. Mwaka 2011 ikafika 1,900, mwisho wa 2015 ikarudi karibu 1,050.

Sasa hivi ni mbio. Machi mwaka huu ilivuka 3,000, mwezi huu 4,000. Benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024, baada ya akiba za Urusi zilizokuwa nje kuzuiwa. Benki Kuu yetu nayo inanunua ya hapa nchini. Watu wakiogopa, hukimbilia huku.

Ila kinachonikera ni hiyo milioni 1.8. 916 ni karati 22, kwa hiyo gramu 12 zina dhahabu safi kama gramu 11. Wakia ikiwa dola 4,000, gramu ni dola 128 na ushee, kama sh 315,000 kwa dola ya 2,450. Zidisha: inakaribia milioni 3.5. Sonara lazima akate chake, kuna kuyeyusha na kuna faida, hilo sina neno. Lakini kukata nusu kwa bibi mwenye nyumba isiyo na paa? Hapana. Mizani isome sifuri mbele ya macho yenu, asugue kwenye jiwe la kupimia dhahabu mkiona, ataje bei kwa gramu. Akikataa, chukueni bangili yenu muondoke.

Mhasibu_Lindi
Naongezea kwa Mzee: tusisahau shilingi. 2011 dola ilikuwa kama 1,600, mwisho wa 2015 kama 2,150. Kwa dola wakia ilipoteza karibu nusu, kwa shilingi kama robo tu. Ndiyo maana wazee wetu wengi hawakumbuki kuiona ikishuka. Na bei iliyopanda kwa woga hakuna anayejua itakaa mpaka lini. Paa linahitajika sasa, uzeni.

Binti_Shangani
Shikamoo Mzee, na asante Mhasibu. Leo tumekwenda kwa sonara mwingine na bibi mwenyewe, kakaa kwenye kiti mbele ya mizani. Imesoma 11.8, amesema imelika kwa kuvaliwa. Kataja 250,000 kwa gramu, bibi akamwambia aongeze, wakakubaliana 260,000. Kesho tunafuata mabati. Mzee, karibu na bahari hivi tuchukue geji 28 au 30?

Mzee_Ruangwa
Marahaba binti. 28, ndiyo nene, chumvi ya huko haina huruma. Na misumari ya mabati msinunue ya bei rahisi.