Vyungu vinapasukia motoni, nisaidieni

Nyar_Alego: Habari zenu. Nimeolewa huku Kisumu, na mama mkwe amenifundisha ufinyanzi tangu mwaka jana. Kufinyanga naweza, kuchoma ndiko kunanishinda. Juzi nilichoma vyungu tisa uani kwa kuni na nyasi kavu, vikapasuka vitano. Kila mlio niliusikia moyoni. Udongo nautoa kando ya mto, nachanganya na mchanga wa ziwani, kisha naanika siku nne. Halafu kuna mteja anataka vyungu vyekundu vya kupikia vinavyong'aa. Nilijaribu rangi ya mafuta, ikabambuka kwa maji moto tu. Nifanyeje?

Mama_Ilesi: Pole mwanangu. Vilipasuka moto ukiwashwa tu, au ulipokuwa umekolea?

Nyar_Alego: Ukiwashwa tu, mama. Vipande viliruka mpaka kwa jirani. Kimoja tu kiliingia ufa baadaye, nilipokitoa.

Mama_Ilesi: Basi hayo ni maji. Chungu hukauka nje huku kitako bado kina unyevu. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi mara 1,700 hivi ya ile yaliyokuwa nayo, na mvuke ukikosa pa kutokea unapasua. Kiweke shavuni: ukisikia ubaridi, bado. Msimu wa mvua mimi naanika kivulini wiki mbili. Siku ya kuchoma, vizungushe kando ya moto mdogo, uvigeuze geuze mpaka visishikike kwa mkono, ndipo uvipange na kuvifunika kwa kuni. Usikimbilie hapo. Hapo ndipo wengi tunapopoteza kazi ya mwezi mzima.

Fundi_Nakuru: Huo ufa wa mwisho ni wa kupoa haraka. Viache kwenye majivu mpaka asubuhi. Mchanga nao una kwatsi, madini magumu, ambayo ikifika nyuzi joto 573 za Selsiasi hutanuka ghafla, na ikishuka hapo husinyaa ghafla. Kwa chungu cha kupikia, afadhali unga wa vigae. Vile vitano vilivyovunjika vitwange, chekecha, changanya kipimo kimoja kwa vinne vya udongo.

Mama_Ilesi: Mchanga tumeutumia miaka na vyungu vikapika, fundi. Ila kwa vigae nakubali, vinashinda.

Nyar_Alego: Na kung'aa? Nimeambiwa ninunue glazi.

Fundi_Nakuru: Glazi ni mpako unaoyeyuka motoni ukawa kama kioo, na nyingi huhitaji zaidi ya nyuzi 1,000, na moto wa uani kwa kawaida haufiki huko. Zaidi ya hayo, zipo zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu ikiingia chakulani. Rangi ya mafuta pia usiipake tena chombo cha kupikia, tafadhali.

Mama_Ilesi: Tumia ngeu, ule udongo mwekundu. Iponde, iloweke, ichuje kwa kitambaa. Chungu kikishikana lakini ukucha bado unaacha alama, kipake, kisha kisugue kwa kokoto laini ya mtoni hadi uone mwanga. Nakshi itangulie, udongo ungali laini: sokota kamba ya mkonge, uibiringishe begani mwa chungu. Sehemu ya nakshi usiisugue.

Msomi_wa_Vigae: Dada wa Alego, kwenu Siaya ndiko Urewe, palipochimbuliwa vyungu vya zaidi ya miaka 1,500 vyenye mistari ya kuchorwa na kibonyeo kitakoni. Mwonyeshe mteja wako picha zake kabla hajachagua.

Nyar_Alego: Asanteni sana. Vigae nimeanza kutwanga leo. Mama, ngeu mnaichimba wapi huko?

Mama_Ilesi: Njoo huku Ilesi, Kakamega, siku yoyote, tutakwenda pamoja. Beba gunia.