Mbuni na ngamia wapi na wapi? Naomba kueleweshwa hili jina

mtazamandege: Wakuu habari za saa hizi. Jana nilikuwa napitia picha za mbuni tulizopiga Ngorongoro, nikasema ngoja niweke na jina la kisayansi chini ya picha nionekane msomi, nakutana na Struthio camelus. Sasa hiyo camelus hata mimi niliyeikwepa Kilatini naona kabisa ni ngamia. Inakuwaje? Na hiyo struthio ndo nini?

babu_kamusi: Mkuu hicho ni Kigiriki kilichovalishwa kanzu ya Kilatini. Strouthos ni ndege mdogo, hasa shomoro, ukishika Agano Jipya la Kigiriki pale Mathayo 10:29 wale shomoro wawili wa senti moja wanaitwa strouthia, yaani vishomoro. Sasa Wagiriki walipokutana na mbuni hawakuhangaika, wakamwita megas strouthos, shomoro mkubwa, basi. Xenophon, yule mwanajeshi aliyepita kando ya mto Frati mwaka 401 KK, anasimulia jinsi wenzake walivyowafukuza na farasi wakachemsha, hawakupata hata mmoja, ndege anakata mbuga huku kainua mabawa kama tanga. Baadaye ndo likaja strouthokamelos, shomoro-ngamia, na Linnaeus, yule Msweden aliyepanga majina ya kisayansi ya viumbe, mwaka 1758 akaliingiza kwenye orodha yake. Ugiriki mpaka leo mbuni wanamwita hivyohivyo.

mtazamandege: Shomoro??? Huyu wa gramu 30 anayeniibia mchele uani na lile jitu la kilo 100 na ushee 😂 Haya, ngamia je?

mguu_nyikani: Mtazame miguu. Ndege wengi wana vidole vinne, mbuni anavyo viwili tu, kama ngamia, na kile kikubwa kina ukucha mnene ukiutazama kwa karibu utadhani kwato. Aristotle alishaliona hilo, akaandika kabisa kwamba ana kwato kama mnyama wa miguu minne, tena akaongeza kwamba ana kope za juu. Vuta picha yako uangalie jicho. Wengine watakwambia ni shingo au mwendo au kule kukaa kwenye ukame, sawa, ila mimi nabaki na miguu. Na sio Wagiriki peke yao, Waajemi wanamwita shotormorgh, Waturuki devekuşu, yote ni ngamia-ndege.

babu_kamusi: Hapo kwa Waajemi umenikumbusha utani wao, mbuni akiambiwa haya ruka, anasema mimi ngamia bwana. Akiambiwa basi beba mzigo, anasema we vipi, mimi si ndege!

mtazamandege: Huyo namjua, tunakaa naye meza moja ofisini 😂😂 Asanteni wakuu. Kope nimeziona, ndefu hizo, na picha imeshapanda na jina lake.