WATOTO WA BWANA SHAMBA (Mafinga na popote mlipo)

JUMATANO

Da Upendo, 18:42
Kamwene wote. Naomba mnisome vizuri. Pikipiki ya Baba, ile Yamaha DT, jana imempandia Zakayo resi yenyewe akiteremka pale kanisani. Mkono wa resi kaufunga kabisa, injini inalia tu. Tunamshukuru Mungu kijana mzima. Jumamosi mbegu za viazi za Mama zinatakiwa shambani, kwa hiyo Ijumaa jioni pikipiki iwe IMEPONA. Kila mtu elfu kumi, tumeni kwa Mama Neema.

Da Upendo, 18:43
Upendo 10,000 ✅

Da Upendo, 19:30
Naona tiki za bluu. Mnasoma mnanyamaza.

Anko Vitus, 19:34
Hiyo pikipiki imemkumbuka mwenyewe 😂 imeona dogo anaendesha kama anakwenda kuchumbia

Shangazi Tumaini, 19:36
Si kweli anachumbia? Njia ya kanisani tuna shamba gani huko?

Zakayo, 19:36
Shangazi jamani 🙈

Mama Neema, 19:38
Ni yule wa kwa mwalimu?

Da Upendo, 19:39
TURUDI KWENYE PIKIPIKI.

Gasto Mbeya, 20:11
Pole mdogo wangu. Ilipoendelea kulia ulifanyaje?

Zakayo, 20:13
Nilikamata klachi kaka, ndiyo ikazidi. Nikazima swichi ikafa

Gasto Mbeya, 20:15
Ukikamata klachi unaiondolea mzigo, lazima ipae. Swichi kwanza, siku zote. Na kuna siku inagoma hata ukizima swichi, maana ikichemka sana inajiwakia bila plagi. Hapo tia gia kubwa, kaba breki, achia klachi mpaka ife.

Da Upendo, 20:16
Fundi wa stendi anasema ni skrubu ya sailensi, ile ya kupanga resi mkono ukiwa umefungwa. Elfu tano tu, kazi ya dakika moja.

Zakayo, 20:18
Ameshaifungua mpaka mwisho dada. Asubuhi ikiwa ya baridi inatulia, ikishapata moto inapanda tena

Gasto Mbeya, 20:25
Basi skrubu haihusiki, na fundi asiiguse tena. Hiyo inavuta hewa mahali ambapo haitakiwi. DT ni tu-stroku, siyo kama bodaboda za siku hizi. Petroli na hewa vinapita kwanza chini, kwenye chemba ya krenki, ndipo vinapanda juu ya pistoni. Kwa hiyo tundu lolote kule chini, hata la oil sili iliyokauka (ule mpira wa duara unaoziba pembeni ya krenki), ni sawa na kutoboa kabureta. Hewa inazidi, petroli inapungua, moto unakuwa mkali na resi inapanda bila mkono.

Kesho fanya hivi kwa mpangilio, usiruke. Iwashe, zungusha usukani kulia na kushoto. Resi ikibadilika, ni waya umebana. Isipobadilika, fungua kifuniko cha juu cha kabureta uone kama slaidi, kile kipande kinachovutwa na waya wa resi, inashuka yenyewe bila kukwama. Kisha ifungue plagi, unitumie picha. Halafu pakaza maji ya sabuni kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda, injini ikiwa inaunguruma taratibu bila resi. Mlio ukibadilika, mpira umepasuka. USIPULIZIE PETROLI kama wanavyofanya stendi, ekzosi iko pale pale.

Anko Vitus, 20:40
Gasto ungekuwa daktari tungepona wote

Da Upendo, 20:41
Anko, elfu kumi.

ALHAMISI

Da Upendo, 06:05
Zakayo umeamka?

Zakayo, 10:52
[picha] Usukani hamna mabadiliko. Slaidi inashuka vizuri. Sabuni pia hamna kitu. Plagi hiyo hapo

Gasto Mbeya, 11:20
Nyeupe kama chokaa. Ingekuwa ya kahawia ningelala usingizi. Hiyo inaungua kwa njaa ya petroli. Koki ya petroli uliifungua yote? Petroli ikikaribia kuisha nayo hupandisha resi.

Zakayo, 11:22
Tenki limejaa, na nimesafisha bakuli la kabureta

Binamu Chesco, 11:31
Mbona mnajisumbua, ni hewa ya Mafinga hiyo. Mlima.

Gasto Mbeya, 11:40
Kinyume chake Chesco. Huko juu hewa ni nyepesi, petroli ndiyo inazidi, plagi inakuwa nyeusi. Pikipiki iliyorekebishwa Mafinga ikishuka Pwani hapo ndipo inaweza kukosa petroli. Hii haijatoka Mafinga.

Mama Neema, 11:44
Haijatoka? Ilitoka mara moja. Ikarudi na kabureta isiyo yake. Sisemi zaidi.

Binamu Chesco, 11:45
Semaaa. Sema basi

Mama Neema, 11:45
Wenye kujua mzigo wa mbao wanajua

Binamu Chesco, 11:47
Kila kikombe kikivunjika nyumba hii ni Chesco

Da Upendo, 11:48
Si leo. Jamani SI LEO. Mpaka sasa ni mimi na Gasto tu tuliotuma.

Gasto Mbeya, 11:50
Kabureta haina kosa. Zakayo, fungua kifuniko cha magneto, ile inayotoa umeme wa plagi, upande wa kushoto. Pitisha kidole nyuma ya gurudumu la magneto.

Zakayo, 13:15
[picha] Kuna oili kaka. Kidole kimetoka cheusi, kinanuka petroli

Gasto Mbeya, 13:17
Ndiyo hiyo. Upande ule hautakiwi kuwa na unyevu kabisa. Oil sili ya krenki imekwisha. Ingekuwa ya upande wa klachi ungeona moshi mweupe na oili ya gia inapungua.

Da Upendo, 13:18
Safi. Sasa Jumamosi iende na mbegu mara moja tu, taratibu, sili tubadilishe Jumatatu.

Gasto Mbeya, 13:26
Hapana dada. DT inavuta oili kwa pampu, na pampu inafuata mkono. Mkono umefungwa, pampu inatoa oili kidogo, huku injini inakimbia. Pistoni itajam, tairi la nyuma lisimame ghafla mteremkoni na gunia liko nyuma ya huyo mtoto.

Da Upendo, 13:29
Na mbegu zioze? Mama ameshalipa vibarua.

Da Upendo, 15:02
Mko wapi??

Baba Mkubwa, 17:40
Wanangu kamwene. Mjukuu amenisomea yote. Marehemu mdogo wangu aliiendesha pikipiki ile mlima Kitonga mzima mimi nikiwa nyuma yake. Akiteremka hakufunga mkono moja kwa moja, kila baada ya kona aliugusa kidogo, pistoni ipate oili. Mtu aliyekuwa makini hivyo hawezi kufurahi mkimpandisha mwanawe juu ya chombo kibovu kwa ajili ya viazi. Isiwashwe. Na habari ya kabureta iishe. Chesco alikuja kwangu siku ile ile, nilijua ilikokwenda. Asiulizwe tena.

Shangazi Tumaini, 17:58
Shikamoo kaka. Tumesikia.

Zakayo, 18:01
Shikamoo Baba Mkubwa

Da Upendo, 18:20
Shikamoo Baba Mkubwa. Sawa.

Mama Neema, 18:33
🙏

Gasto Mbeya, 19:05
Sili zote mbili natuma kwa basi la kesho asubuhi, ukishafungua ubadilishe pande zote. Shida ni pula ya kutolea magneto. Zakayo usigonge kwa nyundo, utapinda krenki. Nani Mafinga ana pula ya DT?

Binamu Chesco, 21:47
Ninayo.

Da Upendo, 21:48
Utaileta lini?

IJUMAA

Da Upendo, 07:10
Chesco?

Anko Vitus, 09:26
Nimetuma elfu tano, nyingine mwisho wa mwezi. Bodaboda mpaka shambani sasa hivi ni shilingi ngapi?

Mama Neema, 12:14
Samahani nilikuwa shamba. Hizi hela ni za sili au za kukodi bodaboda?