Mkate wa soda wa Ireland unatoka mzito na wa manjano: naomba ushauri

Mama Salma, Galway
Ndugu wanajamvi, salaam. Huku ninakoishi, watu wengi huoka nyumbani mkate wa soda, ule usiotiwa hamira. Nimechukua gramu 450 za unga mweupe wa ngano, vijiko viwili vya chai vya beking soda, chumvi kidogo na maziwa ya kawaida, nikakanda kwa nguvu kama chapati. Mkate umetoka mzito, wa manjano, una ladha ya sabuni na katikati haukuiva. Je, tatizo ni unga, tanuri, au mikono yangu?

Mpishi wa Zamu
Mama Salma, ladha ya sabuni inatokana na soda iliyokosa uchachu wa kuimaliza. Soda ikikutana na asidi hutoa gesi ya kabonidioksidi inayoumua mkate, na ikizidi hubaki ndani na kuugeuza manjano. Tumia kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, pamoja na mililita 350 hadi 400 za yale maziwa machachu mepesi ambayo zamani yalibaki baada ya kusukwa siagi, na ambayo maduka ya huko huyauza kwenye pakiti. Ukiyakosa, tia kijiko kikubwa cha ndimu au siki katika mililita 250 za maziwa, uyaache dakika kumi. Mtindi mzito nao unafaa, ila uuzimue.

Bibi Tanuri
Mwenzangu amesema kweli, lakini mimi naona kukanda ndiko kulikouharibu zaidi. Gesi huanza kutoka mara tu unga unapolowa, kwa hiyo ukiendelea kukanda unaipoteza, na papo hapo unaukaza unga. Changanya kwa vidole vilivyotawanywa hadi usione unga mkavu, kisha ingiza tanurini bila kuchelewa. Ngano ya Ireland, kwa sababu ya mvua na ubaridi, kwa kawaida ni laini na ina protini kidogo. Haifai sana kwa mkate wa hamira, na ndiyo sababu mojawapo soda ilipokelewa vizuri huko katika karne ya 19. Wengi walioka katika chungu cha chuma kiitwacho bastible, makaa yakiwekwa hata juu ya kifuniko, sawasawa na tunavyopalia mkate wa kumimina.

Mpishi wa Zamu
Kuhusu kutoiva katikati: pasua msalaba wa kina juu ya donge ili joto lifike ndani. Wapo wanaosema msalaba huo unawafungulia njia majini, yaani mapepo, watoke. Mimi naupasua kwa ajili ya joto tu. Oka kwa nyuzi 230 kwa dakika 15, kisha 200 kwa dakika 30 hivi, na ukigonga chini usikie sauti ya uwazi.

Mama Salma, Galway
Ahsanteni sana. Je, naweza kutia zabibu kavu, yai na sukari?

Bibi Tanuri
Zabibu, tia. Yai na sukari vinaugeuza keki, na wenyeji wa huko watakubishia. Afadhali nusu ya unga iwe wa ngano isiyokobolewa, na mkate uliwe siku hiyohiyo, kwani kesho yake utafaa kuchomwa tu.