Kadi ya netiweki kwenye kompyuta ya Ami, Ngamiani

Assalaam alaykum jamaa zangu wa Tanga. Ami yangu pale Ngamiani bado anaweka hesabu za machungwa ya Muheza kwenye kompyuta ya Windows 98. Flopi haisomi tena, na flashi ikichomekwa haionekani. Mdogo wangu kapata kadi ya zamani, 3Com 3C509B ya Combo, kaipachika na kuvuta waya hadi kwenye ruta. Kimya, taa ya ruta haiwaki. Niko Bremen, naelekeza kwa simu ya video. Nianzie wapi?
Mpwa, Bremen

---

Waalaykum salaam mwanangu. Mwambie mdogo wako aiache Windows kwanza. Taa isipowaka, tatizo liko chini yake: waya, tundu, au kadi yenyewe.

Combo ina matundu matatu, na lile linalotumika limeandikwa kwenye kumbukumbu ya kadi, si ya kompyuta. Mwenyewe wa zamani akiwa alitumia waya wa BNC, ule wa duara unaofanana na wa antena ya TV, kadi inaendelea kuusubiri huo hadi leo. Dawa yake ni programu ya 3Com iitwayo 3C5X9CFG: achague 10BASE-T, yaani tundu la waya wa kawaida wa ruta, ahifadhi, azime kabisa, awashe. Iendeshwe kwenye DOS tupu, ile skrini nyeusi ya kuandika amri kabla ya Windows, si dirisha la DOS ndani ya Windows. Flopi haipo, basi aichome kwenye CD na ainakili kwanza kwenye C akiwa Windows, maana kwenye DOS tupu CD huenda isionekane.

Kadi hiyo haivuki megabiti 10 kwa sekunde. Ruta nyingi hushuka hadi hapo, lakini matundu mengine mapya ya gigabiti 2.5 hayashuki. Hapo weka swichi yoyote ya zamani katikati.

Taa ikiwaka na Windows ikaleta alama ya mshangao ya njano, ni ugomvi wa IRQ, yaani namba ambayo kila kifaa huitumia kuiita kompyuta, na viwili vikigombea moja havielewani. 3 na 4 ni za matundu ya COM, 5 mara nyingi ya kadi ya sauti, 7 ya printa. Ipe 10 au 11, anwani 300. Kisha afungue winipcfg, programu ya Windows 98 inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye netiweki. Akiona namba inayoanza na 169.254, ruta haijampa anwani.

Intaneti asihangaike nayo, tovuti za leo hazielewani na mashine hiyo. Wala folda za kushirikiana: Windows mpya imezima lugha yao ya zamani. Aweke seva ya FTP, programu ya kupokea faili kwa netiweki, kwenye laptopu, asukume faili kwa amri ya ftp iliyomo tayari ndani ya 98.
Shangazi wa Chumbageni, Muscat

---

Nyongeza tu. Upepo wa bahari wa kwetu unakula shaba. Achomoe umeme, atoe kadi, asugue meno yake kwa kifutio cha penseli, apanguse kwa spiriti, airudishe hadi ikae sawa. Na msimtumie pawasaplai ya huku Marekani bila kutazama kile kiswichi cha nyuma: kikiwa kwenye 115, umeme wa 230 wa nyumbani utaiunguza papo hapo.

Ila kwa maoni yangu mnajitesa. Mnachotaka ni faili. Toeni diski, ivalisheni adapta ya IDE (tundu la diski za zamani) kwenda USB, muichomeke kwenye laptopu, mmemaliza.
Kaka wa Raskazone, Houston

---

Shikamoo Shangazi, ahsante Kaka. Kadi kweli ilikuwa kwenye BNC. Taa sasa inawaka, IRQ 10, na faili za mwaka jana zimeshafika kwenye laptopu. Za miaka ya nyuma zinaendelea, polepole mno.

Adapta nimeipenda, lakini Ami kagoma: diski haitolewi msimu huu, wanunuzi wanadai risiti na printa yake inaijua mashine hiyo tu. Nitamnunulia hata hivyo. Kuna anayekwenda Tanga kabla ya Ramadhani, mwenye nafasi kidogo kwenye begi?
Mpwa, Bremen