Mjadala: Kiongozi akidhulumu, Mkristo anyamaze kwa sababu ya Warumi 13?

Mleta mada

Wapendwa, Bwana asifiwe. Naleta hoja hii kwa sababu kila kiongozi wa serikali anapotajwa kwa ubaya, iwe ni wizi wa mali ya umma au watu kupotea mikononi mwa vyombo vya dola, hakosekani Mkristo wa kufunga mjadala kwa mistari miwili. Wa kwanza ni Warumi 13:1, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu". Wa pili ni Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu". Ukishasomewa hiyo miwili, unatakiwa ukae chini. Mimi nasema yote miwili inasomwa nusunusu, na kwamba mtu anaweza kuheshimu mamlaka na bado akaiambia usoni kuwa imekosea. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na maandiko, matusi ayaache nje.

Nianze na Zaburi, maana ndiyo inayoonewa zaidi. Rudi nyuma mistari michache tu. Wanaoitwa masihi, yaani watiwa mafuta, pale ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo: watu wachache, wageni, wanatangatanga kutoka taifa hili kwenda lile, hawana jeshi wala mahali pa kusimama. Mstari wa 14 unasema Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao. Kwa hiyo wanaoambiwa "msiguse" ni wafalme! Ni Farao aliyemchukua Sara nyumbani kwake, ni Abimeleki wa Gerari aliyefanya vilevile. Andiko la kumkinga mgeni asiye na mtetezi tumeligeuza likawa la kuikinga ikulu.

Sasa Warumi 13. Kuna wanaosema Paulo aliandika wakati wa Nero, Kaisari wa Roma aliyewatesa Wakristo, kwa hiyo alikuwa anatuamuru tutii hata madhalimu wakubwa. Hoja hiyo ina udhaifu. Nero alianza kutawala mwaka 54, na barua hii huwekwa karibu na mwaka 57. Mateso ya Wakristo wa Roma yalikuja baada ya moto wa mwaka 64. Lakini tuiache hiyo, tusome mstari wa 4: mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Aliyetumwa kazi ana aliyemtuma, na kazi yenyewe imetajwa. Kwa nini iwe dhambi kuuliza kama inafanyika?

Anayetaka kujua Paulo mwenyewe aliielewaje mamlaka, afungue Matendo 16. Kule Filipi yeye na Sila wamechapwa bakora hadharani bila kesi yoyote, wakatupwa gereza la ndani, miguu kwenye mkatale. Usiku tetemeko likafungua milango yote, hawakutoroka. Asubuhi mahakimu wakatuma watu waseme waachiliwe. Mlinzi wa gereza akaleta habari kwa furaha: tokeni, mwende kwa amani. Mimi na wewe tungeshukuru Mungu na kushika njia. Paulo akagoma kutoka. Wametupiga mbele za watu bila hukumu, nasi ni raia wa Roma, halafu wanataka kututoa kimyakimya? Hapana, waje wenyewe watutoe. Mahakimu waliposikia habari ya uraia wakaogopa, wakaja kwa miguu yao, wakawasihi.

Hapo hakuna tusi wala jiwe lililorushwa. Ila waliovunja sheria walilazimika kuja kukabili walichofanya. Na huyo ndiye mwandishi wa Warumi 13, hakuna Paulo mwingine.

Mzee wa kanisa

Mwanangu, ubarikiwe kwa kuchimba maandiko. Lakini umeruka Daudi. Mfalme Sauli alikuwa anamwinda kama mnyama, na Mungu alikuwa amekwisha kumkataa. Akaingia pangoni kujisaidia, Daudi na watu wake wako humohumo ndani. Daudi akakata upindo wa vazi tu, na hata huo upindo ukamchoma moyo. Leo kijana aliyeokoka jana anamwita mkuu wa nchi majina ambayo hata mbwa haitwi. Huo upako ameupata wapi?

Jambo la pili, 1 Timotheo 2 inatuambia tuwaombee wafalme na wote wenye mamlaka. Nimeona makanisa yakigawanyika kwa siasa za madhabahuni. Mchungaji anaanza kwa kukemea serikali, baada ya muda unasikia anagombea. Mimi nasema tuombe, Mungu anajua namna ya kuwashusha.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Kwa matusi nakubaliana nawe moja kwa moja, na huyo mchungaji mgombea simtetei.

Ila Daudi tumsome hadi mwisho wa sura. Alipokwisha kukata upindo hakubaki pangoni kuomba. Alitoka, akamwita Sauli, "Bwana wangu, mfalme", akainama kifudifudi. Kisha akauonyesha ule upindo, akamwambia waziwazi kwamba anamwinda mtu asiye na kosa, na kwamba BWANA ataamua kati yao. Heshima yote aliitoa, na shitaka lote akalitoa. Sisi tumechukua kule kuinama tu.

Maombi, sawa kabisa. Lakini huwezi kumwomba Mungu aondoe dhuluma, kisha ukikutana na mwenye kuitenda unampa kiti cha mbele na kipaza sauti.

Mwalimu wa shule ya Jumapili

Hapo kwenye kiti cha mbele, kaka, umegusa penyewe. Naomba niongeze.

Shida ya makanisa mengi si Warumi 13. Ni bahasha. Kiongozi akija ibadani na mchango wa jengo, mahubiri ya siku hiyo yanalainika, hata kama wiki nzima mhubiri alikuwa anafunga na kulia kwa ajili ya haki. Na upande wa pili wapo wanaojiita manabii ila wanawakemea viongozi wa chama wasichokipenda peke yao. Wakiingia wa kwao, unabii unakauka.

Mimi kipimo changu ni nabii Natani. Hakuwa mpinzani wa Daudi hata kidogo. Ndiye aliyemletea ahadi ya kiti cha enzi kisichokoma, na baadaye ndiye aliyesimama kumtetea Sulemani arithi. Mtu wa ndani kabisa. Na ndiye aliyesimama akasema "Wewe ndiwe mtu huyo", Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe. Kama huwezi kumkemea uliyempigia kura, mimi nitauhesabu ukemeaji wako kuwa kampeni.

Na kwa mzee wetu, kukemea si lazima kuanzie hadharani. Mwaka 390 askari wa Kaisari Theodosius wa Roma walichinja watu maelfu kule Thesalonike kwa amri yake. Ambrose, askofu wa Milano, alimwandikia barua kwa mkono wake mwenyewe ili aisome yeye peke yake. Ndani ya barua akamweleza kwamba hawezi kutoa sadaka ya meza ya Bwana yeye akiwepo, mpaka atubu. Na Kaisari alitubu mbele ya kanisa. Linganisheni hiyo na kiti cha mbele.

Kijana wa kwaya

Wakubwa zangu, mnaongea kana kwamba kila mtawala ni Theodosius. Mwaka 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya heshima wakilalamikia mauaji. Siku chache baadaye, tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa, serikali ikasema ni ajali ya gari. Barua ikishindwa, nini kinafuata? Bonhoeffer, mchungaji wa Ujerumani, alijiunga na waliopanga kumwondoa Hitler, akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Alikosea?

Na kodi je? Tunailipa serikali inayotuibia?

Mleta mada

Kodi lipa. Warumi 13:6 haina kona, na Yesu alipoulizwa habari ya kodi, akaonyeshwa dinari, hakuwa na kona pia. Ukishalipa, dai hesabu.

Kwa Bonhoeffer, mdogo wangu, mimi sifiki huko. Naona Agano Jipya linampa Mkristo kinywa, mateso na hata kukataa amri, ila halimpi upanga. Ninachomheshimu ni kwamba hakujitetea kuwa ana mikono safi. Aliandika habari ya kubeba hatia. Wanaomtaja leo ili kuhalalisha ghasia hawabebi hatia yoyote, wanabeba mabango.

Luwum umemtaja vizuri, lakini usiseme barua ilishindwa. Yohana Mbatizaji naye alimwambia Herode si halali kuwa na mke wa ndugu yake, akakatwa kichwa. Neno lilikuwa kweli kabla ya upanga na baada yake. Wala hakuna mahali tulipoahidiwa kwamba mtawala atasikia.

Mzee wa kanisa

Kwa Daudi umenishika, nakiri. Lakini swali langu bado lipo: nani anaamua kwamba hapa ni dhuluma na hapa ni sera tu nisiyoipenda? Kila mtu akiamua mwenyewe, Matendo 5:29, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu", itakuwa kichaka cha kila mkaidi.

Mleta mada

Swali zito, mzee, na kwa mambo mengi ya sera nakubali tunyamaze zaidi kuliko tunavyofanya. Mkristo hana ufunuo wa kiwango cha ushuru.

Lakini kuna mahali ambapo swali hilo halihitaji kikao. Wakunga wawili wa Waebrania, Shifra na Pua, waliambiwa na Farao wamuue kila mtoto wa kiume pale anapozaliwa. Hawakuandamana. Hawakumpindua Farao. Amri ilifika mikononi mwao, mtoto yuko hapo anatoka, nao wakakataa kuitekeleza. Obadia naye alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, mfalme wa Israeli, anakula mshahara wa Ahabu, na bado aliwaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, akawalisha.

Wengi wetu hatutasimama mbele ya rais kama Natani. Dhuluma itatufikia ikiwa kazi ya kawaida ya asubuhi: karani anayeambiwa abadilishe tarakimu kwenye fomu ya matokeo, askari anayeamriwa ampige mtu aliyekwisha kujisalimisha, hakimu anayeletewa hukumu ikiwa imeandikwa tayari, mhasibu wa mradi anayeambiwa aweke sahihi kwa mabomba ambayo hayajaletwa.

Kwa hiyo nawaomba waliomo serikalini, hata bila kutaja ofisi, waje hapa watueleze: karatasi ya namna hiyo ikikufikia mezani na watoto wanasubiri ada, unafanyaje?